Nani Alilipa Nauli ya Barua?

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani, alisema niandike jambo lolote nililopata kulichunguza, ila lisiwe siasa na lisiwe refu mno. Sharti la pili nitajitahidi kulitimiza.

Nimechagua posta. Wenzangu wa miaka ile watatabasamu, maana wanajua kwamba nina kisa na posta. Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka 1995, marehemu baba alinitumia maniorda ya karo. Kwetu ni Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Usiku ukisimama ufukweni unaziona taa za mji juu ya maji, karibu kabisa. Fedha hizo zilichukua wiki tatu kuvuka. Zililala katika ofisi moja ambayo sitaitaja, wala karani wake sitamtaja, na kila Ijumaa jioni kiranja alipokuwa akisoma kwenye paredi majina ya wenye barua, mimi nilisimama kwa ncha za vidole nikidhani nitasikia vizuri zaidi. Baba angeweza kuvuka na pantoni asubuhi, akanikabidhi fedha mkononi, na akarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Lakini alikuwa mtu wa kuamini stakabadhi.

Babu yangu alipoyasikia hayo alicheka hadi akakohoa. Yeye katika miaka ya 1930 alipata kuwa tarishi: alipokea mfuko mjini Mwanza, akauvusha kwa mtumbwi hadi Kamanga, kisha akaupeleka bara kwa miguu. Hakujua kusoma. Barua alizitambua kwa sura ya bahasha, hii ya serikali, hii ya Mhindi mwenye duka, hii ya padri yenye lakiri. Alisema enzi zake barua haikulala, maana ikilala posho ya tarishi nayo hulala. Nikamwuliza alikuwa akilipwa kiasi gani. Akanijibu kwamba aliyelipiwa vizuri ni barua.

Wakati ule nililichukua jibu hilo kama mzaha wa wazee. Sasa nimo katika utumishi wa serikali, upande wa mipango na fedha, na kila msimu wa makadirio nasikia usemi uleule: ati mkoloni aliendesha posta ikajilipia yenyewe, nasi tukashindwa. Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye shahada zao. Kwa kuwa usemi huu hutumiwa kuamua kijiji kipi kipate huduma na kipi kisubiri, nimeutafiti kwa miaka kadhaa, siku za mapumziko, na nimeona kwamba si kweli. Naomba vijana mlioko madarasani mnifuate polepole, kwa sababu hapa pana hesabu kidogo.

Tuanze na Wajerumani. Ofisi zao za kwanza za posta katika nchi hii zilifunguliwa Bagamoyo na Dar es Salaam mwezi Oktoba 1890. (Unguja ilikuwa imetangulia: Serikali ya India ilifungua ofisi yake huko mwaka 1868, ikaifunga mwaka uliofuata, kisha ikaifungua tena 1875.) Posta hiyo ya Wajerumani ilikuwa mkono wa Posta ya Dola kule Berlin. Mwaka huohuo wa 1890 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuipa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ruzuku ya marki 900,000 kila mwaka, ili meli zake zije pwani ya Afrika Mashariki kwa ratiba, ziwe zimejaa au ziwe tupu. Meli hizo ndizo zilizobeba mifuko ya barua. Kwa hiyo kabla stempu moja haijauzwa Bagamoyo, mlipa kodi wa Ujerumani, hata yule ambaye hakupata kumjua mtu yeyote Afrika, alikuwa amekwisha kulipia sehemu ya safari.

Nauli yenyewe inachekesha. Tangu mwaka 1899 barua ya kutoka koloni kwenda Ujerumani ilitozwa kama barua ya ndani ya Ujerumani, pfennig 10. Kwa fedha za hapa ilikuwa pesa 5. Na tangu 1905, rupia ilipogawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, ikawa heller saba na nusu. (Heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno hela. Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita na bado tunazitafuta hela zake.) Barua ya kwenda nchi ya kigeni kwa kawaida ililipiwa heller 15. Basi afisa aliyekaa Mwanza, au Muansa kama muhuri wao ulivyoandika, alimwandikia mama yake Berlin kwa nusu ya nauli ya kumwandikia mtu London. Umbali haukuwa na maana yoyote. Bei ilipangwa ili Mjerumani aliyeko ugenini asijione yuko mbali na kwao.

Sasa weka kando ya nauli hiyo kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3. Tukitumia hesabu ya baada ya 1905, rupia 3 ni heller 300, yaani nauli ya barua 40 za kwenda Berlin. Mtu wa Kamanga hakuwa na jamaa Berlin. Hata hivyo kodi yake ilisaidia kulisha boma, na huku bara boma ndilo lililokuwa pia posta. Tena bwana posta wa huku aghalabu hakuwa mtu wa posta hata kidogo. Kazi ilitupiwa sajini au afisa mwingine wa kituo, akaifanya baina ya kazi zake nyingine, huku mshahara wake ukitoka katika fungu jingine. Mimi ninayeshughulika na mafungu kila siku naijua mbinu hii. Bado inatumika, na kila mara humfanya mkuu wa idara aonekane hodari wa kubana matumizi.

Chini ya sajini walikuwapo makarani wa Kiafrika. Wengi wa makarani wa enzi hiyo walitoka katika shule za serikali, na shule mashuhuri kupita zote ilikuwa ile ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 1892. Walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na kazi za ofisi, kwa Kiswahili, maana serikali ilihitaji watu wa kuweka madaftari na haikuwa na fedha za kuleta Wazungu kwa kila meza. Na chini ya makarani walikuwapo matarishi.

Hapa nitakaa kidogo. Kabla ya reli, mfuko wa barua za Ziwa ulitoka pwani kwa miguu, ukaifuata njia ya misafara kupitia Tabora, kwa kupokezana kituo hadi kituo. Hii ilikuwa kazi iliyotangulia Mjerumani. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wamebeba pembe, nguo na shaba kwa vizazi vingi. Wamisionari wa Kiingereza waliofika kusini ya Ziwa mwaka 1877 waliwategemea watu haohao kwa barua zao. Mjerumani hakuijenga njia wala hakuwafundisha watu kutembea. Aliikuta njia ina visima vyake, vijiji vya kununulia chakula na watu wanaojua wapi simba wamezoea kulala, naye akaongeza muhuri na saa. Mtaji wote huo uliwekwa na babu zetu, na hakuna kitabu cha hesabu cha posta ulimoingizwa.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano mwingine wa posta iliyoanzishwa kwa mikono mitupu. Mwaka 1895 serikali ya Waingereza huko ilitaka stempu na haikuwa na kiwanda cha kuchapa. Mmisionari Ernest Millar alikuwa na taipu. Akazichapa yeye mwenyewe, moja moja, pale Mengo, na thamani yake ikaandikwa kwa kauri, wakati kauri 200 zilihesabiwa sawa na rupia moja. Leo stempu hizo zinagombewa na wakusanyaji kwa fedha ambazo zingejenga bweni. Millar alifanya kazi hiyo juu ya kazi yake ya dini. Tena huyo ni mtumishi wa posta ambaye mshahara wake ulilipwa na mtu mwingine.

Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, na katika miaka michache iliyofuata meli za Waingereza, Winifred na Sybil, zikaanza kuzunguka bandari za Ziwa. Mambo ya Mwanza yakageuka mara moja. Safari ya miezi kwa miguu ikawa safari ya siku: meli hadi Kisumu, garimoshi hadi Mombasa, kisha meli ya baharini. Mji wa Mjerumani ukawa unapumua kwa pua ya Mwingereza. Reli hiyo ilikuwa imemgharimu mlipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, naye aliambiwa ni kwa ajili ya kukomesha utumwa na kuishika Uganda; hakuna aliyemwambia kwamba atapeleka pia barua za Wajerumani wa Mwanza.

Yafaa nieleze hapa kanuni moja ambayo watu wengi hawaijui. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta wa Dunia, ulioundwa Bern mwaka 1874, nchi iliyopitisha mifuko ya mwenzake ililipwa ada ya njia. Lakini nchi iliyopokea barua na kuzigawa kwa wenyewe haikulipwa kitu. Kila serikali ilibaki na fedha za stempu ilizouza, kwa hesabu kwamba kila barua huzaa jibu, na majibu yatasawazisha mambo. Utaratibu huu ulidumu hadi mkutano wa Tokyo wa 1969. Sasa fikiri juu ya koloni: magazeti, vitabu, orodha za bei za maduka na vifurushi vinakuja kwa magunia kutoka Ulaya, na barua chache zinarudi. Stempu imeuzwa Hamburg au London. Anayetembea na gunia kutoka bandarini hadi kwenye shamba la mlowezi ni tarishi wa hapa, kwa gharama ya hapa. Ndipo nilipomwelewa babu. Barua ilikuwa imelipiwa kweli, lakini fedha zake zilibaki mbali sana na miguu yake.

Mwaka 1911 Wajerumani walisimamisha mitambo ya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Haikudumu. Julai 1916 Waingereza waliuteka mji, na vita vikawachukua matarishi na wapagazi kwa maelfu kubeba vitu vizito kuliko barua.

Waingereza walikuja na mafundi wao na makarani wa Kihindi na wa Kigoa, na ngazi ikawa wazi kwa kila mwenye macho: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na kipimo chake cha mshahara na nyumba yake. Makarani wa Kiafrika hawakunyamaza. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika. Kilikuwa chama cha waungwana, cha kusoma magazeti na kunywa chai, lakini ndicho kilichowazoeza makarani wa miji mbalimbali kuandikiana habari za hali zao. Na waliandikiana kwa posta, kwa nauli kamili.

Agosti 1928 reli kutoka Tabora ilifunguliwa hadi Mwanza, na mfuko ukaweza kwenda Dar es Salaam bila kupita nchi nyingine. Kisha likaja jambo ambalo nashangaa halifundishwi mkoani kwetu. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki ya ndege kutoka London kuja Afrika, na kituo cha mwisho cha njia hiyo kilikuwa Mwanza. Si Nairobi wala Dar es Salaam. Ndege za kuelea zilitua juu ya maji haya tunayooga, zikiwa na barua za London. Babu alikuwa kijana. Alisema kijiji kizima kilitoka kwenda kutazama, na wazee wakasema ni bata wa serikali. Januari 1932 njia ikaendelezwa hadi Cape Town kupitia Nairobi, na Mwanza ikakoma kuwa mwisho wa safari.

Je, ndege hiyo ilijilipia? Hasha. Iliendeshwa kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza pamoja na michango ya serikali za nchi ilizopita, katika miaka ileile ya mdororo wa uchumi ambapo bei ya pamba ya Wasukuma ilianguka na kodi haikuanguka nayo. Mwaka 1937 waliendelea mbele zaidi: barua ya kawaida kutoka Uingereza kuja makoloni ya huku ikapandishwa ndege bila ada ya ziada, kwa peni moja na nusu. Kwa hiyo barua ya London ilifika Afrika Mashariki kwa mabawa, nayo barua ya ng'ambo ya ghuba ikavuka kwa kasia la babu yangu. Zote mbili zilikuwa hasara. Moja ilipewa ruzuku. Ile nyingine tarishi aliibeba hasara yake mwenyewe.

Tarehe 1 Januari 1933 idara za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, makao makuu yakiwa Nairobi. Baada ya vita vya pili Posta ikawa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, na tangu 1 Januari 1949 ikatengwa iwe na hesabu zake yenyewe, itumie inachochuma na kukopa kwa ajili ya upanuzi. Hapa ndipo ulipozaliwa usemi wa wakubwa wangu kwamba posta ya mkoloni ilijitegemea. Na ni kweli kwamba vitabu vya baada ya 1949 vilifungwa kibiashara. Lakini tazameni mishahara iliyokuwa ndani ya vitabu hivyo. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akishika cheo kilekile kwa sifa zilezile, alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Pale Mzungu alipopata shilingi 1,000, Mwafrika mwenzake kwenye meza ya pili alipata 600. Hizo 400 zilizobaki mimi naziita ruzuku, na aliyeitoa anajulikana. Tena Waafrika waliofikia meza hiyo walihesabika. Walio wengi walikuwa chini kabisa, wakipanga, wakibeba, wakipanda nguzo za simu.

Utaratibu huo ulipingwa na watumishi wenyewe hadi Tume ya Lidbury ya 1953 na 1954 ilipoondoa vipimo vya rangi katika karatasi. Shule ya mafunzo ya Posta na Simu ilikuwa imekwisha kufunguliwa Mbagathi, karibu na Nairobi, mwaka 1948, na vijana wa kwetu wakaanza kupanda garimoshi kwenda kujifunza ufundi ambao awali uliwekwa kwa wengine. Mwishoni mwa 1959 wafanyakazi wa posta wa Tanganyika waligoma. Hawakugoma kwa sababu ya bendera peke yake. Waligoma kwa sababu ya mishahara.

Yaliyofuata wazee wetu wanayajua kuliko mimi: Shirika la Posta na Simu la Jumuiya mwaka 1967, lenye makao Kampala, kuvunjika kwa Jumuiya 1977, shirika letu wenyewe, na mwanzo wa 1994, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimeingia kidato cha kwanza, Posta na Simu zikatenganishwa. Simu ndiyo iliyokuwa na fedha. Posta ikabaki na barua, nauli na Kamanga. Nikiangalia nyuma nadhani yule karani wa maniorda yangu alikuwa mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu watatu, na hasira zangu kwake zimepungua, ingawa hazijaisha.

Siku hizi mzazi wa Kamanga hutuma karo kwa simu ya mkononi akiwa bado kwenye gati, na tangu 2025 mwenye gari huivuka ghuba kwa daraja la Kigongo na Busisi bila kulowa. Lakini katika kikao cha makadirio cha mwaka jana nilisikia tena ule usemi, safari hii juu ya zahanati ya kisiwani: ati ijilipie kama posta ya zamani. Niliomba nafasi, nikaeleza habari za marki 900,000, ndege ya 1931 na tatu ya tano ya Holmes. Mwenyekiti alinishukuru kwa historia, akasema muda umekwisha. Fungu la zahanati lilirudishwa kwenye kamati, na hadi ninapoandika haya liko huko.

Nina ombi moja. Wapo baina yetu wanafunzi wa zamani ambao baba zao au babu zao walifanya kazi ya posta Mwanza, Sengerema, Geita na Ukerewe: matarishi, wapanga barua, mafundi wa nguzo. Mabwana posta tunawajua, picha zao zipo. Hawa wengine hawamo popote. Naomba wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa msaada wa mwalimu wao wa historia, wakati wa likizo wawaulize wazee vijijini mwao majina, njia walizopita na posho waliyopewa, na orodha iletwe kwa Mhariri kabla ya mkutano ujao. Jina la babu nimekwisha kumpa.